Sura ya Tisa: Kilima Katikati ya Mchoro

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu, lakini siondoki."

Inspekta hakuwa amemwambia aondoke. Tangu jana yule mama alikuwa amekaa kwenye benchi la kituo, mkoba mapajani, na kila askari aliyepita alimwambia arudi nyumbani. Arudi nyumbani akafanye nini? Kaka yake yuko hospitali na bomba mdomoni, hajafumbua macho tangu alipookotwa kwenye stoo ya gesi akiwa amepasuka kichwa. Binti yake yuko mahabusu, nyuma ya ukuta uleule aliouegemea, na polisi wanasema ndiye aliyempasua mjomba wake. Akienda kwa huyu anamwacha yule. Basi amechagua benchi, na hapo ameota mizizi.

"Kaa tu, mama. Atakayekusumbua, mwambie umeketishwa na Kupe."

Kupe ndilo jina alilopewa na wenzake, kwa sababu akishaing'ata kesi haiachii. Mwanzoni walikuwa wakilisema akishatoka chumbani. Alipolisikia akalichukua likawa lake, na sasa hivi wakimwita hivyo anaitika bila kinyongo, nao wamekosa utamu wa kulisema.

Mkuu wa Kituo alikuwa mezani kwake akigonga mihuri.

"Saa nane gari linampeleka yule binti mahakamani," alisema bila kuinua uso. "Funguo za stoo alikuwa nazo. Asubuhi ile hakuna aliyemwona alipo. Mhudumu wa mapokezi kamsikia akimfokea mjomba wake, 'Ukifanya hivyo, mimi na wewe basi!' Sasa unataka nini tena, akupigie magoti?"

"Nataka kujua alikuwa anamkataza asifanye nini."

"Wewe mwanamke! Kesi imeiva unataka kuirudisha jikoni?"

"Na Profesa, afande?"

"Profesa alikuwa kazini. Mashine yenyewe inamshuhudia."

Huyo Profesa wala hakuwa profesa. Alikuwa mkuu wa idara ya vipimo vya mionzi pale hospitali, mtu wa suti na manukato, na watu walimwita hivyo mpaka mwenyewe akaanza kuitikia simu kwa jina hilo. Siku ya tukio alisema asubuhi yote alikuwa amekaa nje ya mlango wa chumba kipya cha tiba akipima mionzi inayovuja. Akampa Inspekta mchoro uliochapwa na kompyuta kuthibitisha. Katikati ya mchoro huo kulikuwa na kilima, kimesimama peke yake, chembamba na kirefu. Inspekta alimuuliza ni nini. Profesa akatabasamu kama anayemjibu mtoto. "Hizo ni nyutroni nzito, afande. Usijisumbue, hutaelewa."

Neno hilo la mwisho ndilo lililomkera. Tangu hapo alitembea na ule mchoro kwenye faili, na sasa aliuchukua akaenda nao mahabusu.

Binti alikuwa amekaa sakafuni, viatu kavua, mgongo ukutani. Alikuwa mwanafizikia wa idara hiyohiyo, amesoma akasomeka, na ulimi alikuwa nao.

"Kama umeleta karatasi ya kukiri, irudishe," alisema. "Jana nimekataa mara nyingi mpaka kalamu yao imekauka wino."

"Sijaleta ya kukiri. Nimeleta hii. Niambie hicho kilima ni nini."

Binti aliupokea mchoro, akauangalia mara moja, akaanza kucheka. Si kicheko cha furaha, ila kilikuwa kicheko cha kweli, mpaka askari wa zamu akachungulia.

"Kakupa mwenyewe?"

"Mwenyewe. Anasema ni nyutroni nzito."

"Toba! Yaani kakutazama machoni akakwambia hivyo?"

"Tena akaniambia sitaelewa."

"Basi kaa chini, afande, uelewe."

Inspekta akakaa sakafuni. Binti akakunja ngumi akaiinua kati yao.

"Kipimo chetu ni tufe, ukubwa kama huu. Ganda lake ni plastiki iliyotengenezwa ipokee mionzi kama inavyopokea nyama ya mwili. Katikati kuna waya mwembamba kuliko unywele, na kuuzunguka kuna gesi. Ila gesi kidogo sana, imebaki kidogo tufe liwe tupu. Unajua kwa nini?"

"Sijui. Sema."

"Kwa sababu chembe ya mionzi ikikatiza kwenye gesi nyembamba namna ile, inaacha nguvu sawa na ambayo ingeacha ikikatiza seli moja ya mwili wako. Seli moja tu, ile ambayo huioni mpaka kwa darubini. Seli huwezi kuitia waya ukaiuliza imepigwa kiasi gani. Tufe unaweza. Kila pigo waya unalisikia, kompyuta inalipanga, madogo upande huu, makubwa upande ule. Ndiyo mchoro huu."

"Na kilima?"

"Tulia, nakuja. Kila asubuhi kabla ya kupima, lazima tujue kama waya unasema kweli. Ndani ya ganda kuna kidonge cha mionzi ambacho nguvu yake tunaijua. Kimezibwa na kifuniko kidogo kinachoshuka kwa uzito wake mwenyewe. Tufe likisimama wima, kimezibwa. Ukilipindua kichwa chini, kifuniko kinadondoka, kidonge kinapiga, na kwenye skrini kinaota kilima. Kikiota mahali pake, waya ni mzima. Unalisimamisha tufe, unafuta, ndipo unaanza kupima."

"Na usipolisimamisha?"

"Kilima kinaendelea kukua juu ya kipimo chako, na umeharibu kazi." Alipigapiga mchoro kwa kidole. "Hiki hapa. Asubuhi yote tufe lilikuwa kichwa chini."

"Nani alilipindua?"

"Mimi."

"Wewe?"

"Mimi, kwa mikono yangu. Mjomba alitia gesi mpya, mimi nikapindua tufe nihakikishe. Profesa akaja, akasema naitwa mapokezi, niende tu, yeye atamalizia. Nikaenda. Mapokezi hakuna aliyeniita. Nikaona isiwe taabu, nikatoka nje kunywa chai peke yangu, ndiyo maana hamna aliyeniona. Yeye akawasha mashine ya tiba, akabonyeza kitufe cha kurekodi, akaondoka zake. Hakuangalia skrini hata kidogo. Angeiangalia angeliinua. Sisi wa kazi hii hatuwezi kukiona kile kilima kinakua tukakaa. Ni kama kuona maziwa yanafurika jikoni ukabaki umekunja nne. Tena aliyetufundisha hivyo ni yeye."

"Kwa nini asiufute mchoro?"

"Unajihifadhi wenyewe kwenye mtandao wa hospitali. Hawezi kuugusa. Ndiyo kaamua kuupamba kwa maneno."

"Na mjomba wako ulikuwa unamkataza nini?"

Hapo binti aliacha mzaha. Mjomba wake ndiye fundi wa pampu na gesi, alisema. Wiki moja kabla, valvu ya tufe ilikuwa inavuja, mjomba akaitoa gesi yote akawa anasubiri mpira wa kuzibia. Bila gesi lile tufe ni pambo la mezani. Na katika wiki hiyohiyo Profesa akabandika ripoti kwamba ameupima mlango wa chumba kipya na ni salama, wauguzi wasimame nje yake bila wasiwasi.

"Kapima kwa kitu gani, kwa kunusa? Mjomba akasema anakwenda kumuuliza. Nikamwambia twende wote, tena mbele za watu. Akasema hapana, atamfuata faragha asimwaibishe. Nikamfokea. Ukifanya hivyo, mimi na wewe basi! Ndiyo hayo maneno. Kanikatalia, kaenda peke yake." Alifuta pua kwa mgongo wa kiganja, kwa hasira. "Namwonea uchungu mpaka nataka kumpiga."

"Haya ungeyasema jana."

"Niliyasema! Mkuu wenu akaniambia nisimletee fizikia."

Inspekta alisimama akajipangusa vumbi. Alikuwa na maswali mawili tu zaidi. La kwanza, tufe unajuaje liko juu au chini? Kuna nukta nyekundu, binti alisema, ikiwa upande wa juu liko wima. La pili, mashine ya tiba ikizimwa, nyutroni zinabaki? Binti akamwangalia kwa macho mapya. "Hazibaki hata moja," alisema taratibu. "Kilima kinabaki."

Mkuu wa Kituo alimkuta kwenye korido.

"Hakuna kwenda hospitali," alisema. "Nimekujua wewe. Mtuhumiwa kakupigia hadithi ya mipira na wewe umenogewa. Saa nane ni mahakamani."

"Ni hadithi inayojaribika, afande."

"Nimesema hakuna. Ukienda, nakuhamishia mahali ambapo hata redio haishiki."

"Nihamishe," Inspekta akasema. "Andika barua kabisa. Ila kesi hii leo bado ni yangu, na mimi mtoto wa watu simpeleki mahakamani kwa kosa la kunywa chai peke yake."

Akampita. Uani kulikuwa na gari moja tu lenye uzima, lile la kupelekea mahabusu, na Koplo alikuwa amelala usukani.

"Washa. Hospitali."

Koplo akapepesa macho. "Afande, hili gari ni la kupeleka mahabusu."

"Ndiyo. Twende tukamchukue."

Wakaondoka, na kwa kuwa gari lilikuwa hilo tu, saa nane ya Mkuu wa Kituo nayo ikaondoka nalo. Simu ya Inspekta ililia njia nzima. Alipokea mara moja. "Gari liko wapi?" sauti ikanguruma. "Liko kazini, afande," akajibu, akakata.

Chumba kipya cha tiba kilikuwa mwisho wa ukumbi mrefu, na mlango wake ulikuwa mnene kuliko godoro. Mashine ilikuwa imezimwa, taa ya juu ya mlango ni ya kijani. Muuguzi wa pale, mwanamke mnene mwenye saa iliyobanwa kifuani, aliwaonyesha meza ya kompyuta na kigoda chenye tufe. Fundi umeme wa hospitali akaunganisha nyaya, akaenda zake. Inspekta akaitafuta nukta nyekundu, akalipindua tufe mpaka nukta ikatazama chini. Ukilitazama kwa mbali halikuwa na tofauti yoyote. Kisha akamwita Profesa.

Profesa alikuja na manukato yake. "Nilishatoa maelezo, afande."

"Ulitoa ya mdomo. Leo nataka ya vitendo. Kaa palepale ulipokaa siku ile."

Akakaa, akavuta suruali magotini isikunjike.

"Ulifanya nini?"

"Nilianzisha kipimo. Nikakaa nikifuatilia skrini."

"Ulinyanyuka?"

"Sikunyanyuka. Kazi hii haitaki kunyanyuka. Inataka subira, jambo ambalo naona polisi hamna."

"Haya, anzisha, nijifunze subira."

Profesa akabonyeza. Vitone vikaanza kudondoka kwenye skrini, vichache kule, vichache huku. Inspekta akaegemea ukuta akamuuliza habari za nyutroni, na Profesa, ambaye hakuna kitu alichopenda kama sauti yake, akaanza kufundisha. Akaeleza zinavyozaliwa, zinavyopenya, kwa nini mlango umekuwa mnene vile. Koplo alipiga mwayo. Muuguzi alisikiliza kwa makini, maana yeye ndiye anayesimama pale kila siku.

"...na seli ikipigwa na nyutroni," Profesa alikuwa anasema, "hasara yake si sawa na..." Jicho likamteleza kwenye skrini. "Si sawa na..."

Vitone vilikuwa vimeanza kurundikana mahali pamoja. Kirundo kikawa kichuguu, kichuguu kikaanza kuwa kilima. Profesa akajikwaa maneno, akarudia sentensi, akaigeuzia skrini bega. Akarudi kuiangalia. Kidole chake kikaanza kugonga meza. Kilima kikapanda.

"Samahani," Profesa akasema kwa ukali, kama anayeudhiwa na uchafu, akanyanyuka, akalifikia tufe kwa hatua moja ndefu, akaligeuza nukta nyekundu ikawa juu. Akarudi kitini, akafuta skrini, akabonyeza upya, akajiweka sawa aendelee kufundisha.

"Umenyanyuka," Inspekta akasema.

"Lilikuwa limepinduliwa."

"Umejuaje?"

"Si linaonekana? Kile kilima..." Akafunga mdomo, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Inspekta akautoa mchoro kwenye faili akauweka mbele yake. "Na hiki?"

"Hizo ni nyutroni. Nilikueleza. Ni nyutroni nzito."

"Mashine imezimwa, Profesa. Taa ni ya kijani. Kilima kimeota mahali palepale. Nyutroni za leo zimetoka wapi, mfukoni kwa Koplo?"

Koplo akajipapasa mfuko.

"Ndani ya dakika chache tu umeshindwa kukaa," Inspekta aliendelea. "Mimi nipo hapa, Koplo yupo hapa, umejua unatazamwa, na bado umeshindwa. Siku ile kilima kilikua asubuhi yote na hakuna aliyeligusa tufe. Hukuwa umekaa hapa. Ulibonyeza ukaondoka. Ulikwenda wapi?"

"Msalani."

"Asubuhi yote? Ulikuwa unahamia?"

"Afande, chunga maneno yako! Mimi ni mkuu wa idara. Nitampigia mkuu wako."

"Mpigie, ananitafuta pia. Ukimpata mwambie gari linakuja. Ulikwenda stoo ya gesi, kwa sababu mtu wa gesi alikuuliza ulipimaje mlango huu kwa tufe ambalo halina gesi."

Aliyeshtuka si Profesa. Ni yule muuguzi. Alisogea mpaka mezani, mkono kwenye saa yake ya kifuani.

"Kwa hiyo hukupima?" aliuliza. "Ile ripoti uliyobandika? Mimi nasimama hapa kila siku, Profesa. Nasimama hapa hapa. Hukupima?"

Profesa angemjibu Inspekta kwa kiburi mpaka jioni. Lakini muuguzi alikuwa anasubiri jibu la mwili wake mwenyewe, na Profesa akakosa pa kuweka macho.

"Mlango ni mzuri," alisema. "Mahesabu yanaonyesha ni mzuri. Chumba kilitakiwa kifunguliwe, wakubwa wanakuja, nimsubiri mtu wa pampu anunue mpira wa kuzibia? Miaka yote nimeijenga idara hii! Halafu ananifuata, ananishika shati, gesi, gesi, gesi! Nikamwambia tukutane stoo tuyamalize, hataki kuyamaliza. Anasema nikaiondoe ripoti mbele ya watu. Mimi! Nilimsukuma tu. Akaangukia chuma cha mitungi. Nilimsukuma tu, afande."

"Ukamwacha anavuja damu, ukaja ukakaa hapa na manukato yako, ukaacha mpwa wake afungwe," Inspekta akasema. "Koplo, mchukue mahabusu wako."

Waliporudi, habari ilikuwa imewatangulia. Mkuu wa Kituo alisimama mlangoni akamwona Profesa akishushwa, kisha akamwona Inspekta. Inspekta akampita tena, akamwambia yule mama wa benchini, "Mama, nimemshika aliyefanya," akaenda moja kwa moja kufungua mahabusu.

"Toka, mdogo wangu. Yamekwisha. Amesema mwenyewe."

Binti akafumba macho, akashusha pumzi ndefu. Ila hakusimama.

"Mjomba je?"

"Bado amelala. Daktari anasema anashika mkono ukimpa. Twende umwone."

"Nitakwenda. Aliyenitia pingu ni nani?"

"Mkuu wa Kituo."

"Alinitia pingu mapokezi, pale hospitali, wagonjwa wanatazama, wenzangu wanatazama, mama yangu anatazama. Akasema kwa sauti, 'Huyu ndiye.' Basi aje palepale aseme kwa sauti ileile kwamba siyo huyu. Ukinitoa hivi kimyakimya, kesho nikipita watasema nimehonga."

Mkuu wa Kituo alikuwa amefika nyuma ya Inspekta. "Binti," alisema, sauti kaipaka mafuta, "makosa ya kikazi hutokea. Shukuru, nenda nyumbani ukapumzike. Tutaandika barua."

Binti alikunja mikono akaegemea ukuta.

"Mwambie atoke," Mkuu akamwambia Inspekta.

Inspekta alimwangalia mkubwa wake, akamwangalia binti. Kisha akaingia ndani, akavua viatu, akakaa sakafuni kando yake. Na kabla Mkuu hajapata la kusema, yule mama alipita chini ya mkono wake, mkoba kifuani, akakaa upande wa pili wa mwanawe. Mlango ulikuwa wazi, na hakuna kati ya hao watatu aliyeutazama.

Askari walikusanyika koridoni wakajifanya wanasoma matangazo. Mkuu wa Kituo akasimama hapo, akakohoa, akaangalia dari, akaangalia askari wake. Hakuna aliyemsaidia. Mwishowe akageuka.

"Koplo. Washa gari."

"La kwenda wapi, afande?"

"Hospitali," akasema, kama mtu anayetema jiwe. "Mapokezi."

Binti akavuta viatu vyake akaanza kuvivaa, taratibu, kimoja baada ya kingine.

"Na uvae kofia, afande," alisema. "Siku ile ulikuwa umevaa kofia."